Dawa za kutuliza maumivu na homa: soma jina dogo kabla ya kumpa mtoto

Karibu kila nyumba ina dawa za kutuliza maumivu. Zipo kwenye droo, kwenye mkoba wa mama, au juu ya kabati zimefungwa kwenye karatasi. Zinauzwa famasi, kwenye duka la dawa muhimu, na hata dukani kwa Mangi pamoja na sukari na sabuni. Kwa kuwa hatuhitaji cheti cha daktari kuzinunua, ni rahisi kudhani kwamba haziwezi kumdhuru mtu.

Zikitumiwa sawasawa, dawa hizi ni salama na zinasaidia sana. Zikizidishwa zinaweza kuharibu ini, figo au tumbo, na kwa mtoto mdogo kiasi cha kuzidi hakihitaji kuwa kikubwa. Mara nyingi mzazi hazidishi kwa kukusudia. Anampa mtoto dawa mbili zenye majina tofauti, bila kujua kwamba ndani yake ni dawa ile ile.

Makala hii inakueleza jinsi ya kujua dawa uliyonayo ni ipi, mtoto apewe kiasi gani, nani asipewe, na ni wakati gani uache dawa ya dukani na uende kituo cha afya.

Kila dawa ina majina mawili

Chukua pakiti yoyote ya dawa uliyonayo nyumbani. Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa ni la biashara, yaani jina ambalo kiwanda kimeipa bidhaa yake. Chini yake, kwa herufi ndogo, utaona jina la dawa yenyewe iliyomo ndani, pamoja na kiasi chake, kwa mfano "paracetamol 500 mg". Hili jina dogo ndilo unalopaswa kulijua. Katika makala hii tunaandika majina hayo kama yalivyo kwenye pakiti, ili uyatambue ukiyaona.

Panadol ni paracetamol. Calpol ni paracetamol. Panadol Extra ni paracetamol iliyoongezwa kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa na chai. Brufen ni ibuprofen. Voltaren ni diclofenac. Ndugu aliyeko Marekani akikutumia Tylenol, lebo itaandika "acetaminophen", na hiyo nayo ni paracetamol, ila Wamarekani wanaiita kwa jina jingine.

Dawa nyingi za mafua, za maji na za vidonge, pia zina paracetamol ndani yake, ikichanganywa na dawa za kukausha kamasi au za kikohozi. Vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa madukani ni mchanganyiko wa dawa mbili au tatu, na mara nyingi moja ni paracetamol na nyingine ni aspirin.

Fikiria mtoto aliyeamka na homa. Asubuhi bibi yake anampa paracetamol ya maji iliyokuwa nyumbani. Mchana mama anapita famasi na kununua dawa ya mafua, anampa kijiko. Jioni wanakwenda kituo cha afya, mtoto anapimwa, anaandikiwa dawa mseto ya malaria na paracetamol, na akifika nyumbani anapewa tena. Kila mmoja alimpa kipimo sahihi cha dawa aliyokuwa nayo. Lakini ini la mtoto limepokea paracetamol kutoka chupa tatu. Hali hii ikiendelea siku mbili au tatu, ini linaweza kuumia vibaya.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kabla ya kumpa mtoto dawa ya pili, soma jina dogo kwenye dawa zote mbili. Kama jina ni moja, mpe moja tu. Ukienda kituoni, nenda na chupa ulizotumia, au mwambie mhudumu umempa nini na saa ngapi.

Makundi mawili makubwa

Dawa za maumivu zinazouzwa bila cheti ziko katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni paracetamol. Inatuliza maumivu na kushusha homa, na haiumizi tumbo. Kwa watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye vidonda vya tumbo, hii ndiyo ya kufikiria kwanza. Hatari yake ni moja kubwa: ikizidi inaharibu ini.

Kundi la pili ni ibuprofen, diclofenac na aspirin. Hizi zinatuliza maumivu na pia kupunguza uvimbe, kwa hiyo husaidia kwenye maumivu ya jino, ya misuli, ya viungo na ya hedhi. Lakini zinaweza kukwangua ukuta wa tumbo hadi kutoa damu, zinaelemea figo, na zinapunguza uwezo wa damu kuganda. Usichanganye mbili za kundi hili kwa wakati mmoja. Anayemeza Brufen na diclofenac pamoja hapati nafuu maradufu. Anaongeza tu hatari ya vidonda vya tumbo na ya kuumia figo.

Diclofenac, ingawa mitaani inauzwa kama karanga, si dawa ya kumpa mtoto bila kuandikiwa.

Dozi ya mtoto hupimwa kwa kilo

Watoto wawili wenye umri wa miaka miwili wanaweza kupishana kilo tatu au nne. Ndiyo maana dozi sahihi hupimwa kwa uzito. Uzito wa mwanao upo kwenye kadi ya kliniki. Kama hajapimwa muda mrefu, mwombe mtoa dawa au mhudumu ampime.

Kwa paracetamol, mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa dozi moja. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150.

Sasa angalia chupa. Paracetamol ya maji ya watoto inayopatikana sana kwetu imeandikwa "120 mg/5 ml". Maana yake ni kwamba katika kila mililita 5 kuna miligramu 120 za dawa. Kwa chupa ya aina hii kuna hesabu rahisi: nusu ya kilo za mtoto ndiyo mililita za dozi moja.

- Mtoto wa kilo 6: mililita 3
- Mtoto wa kilo 8: mililita 4
- Mtoto wa kilo 10: mililita 5
- Mtoto wa kilo 12: mililita 6
- Mtoto wa kilo 15: mililita 7 na nusu

Hesabu hii ni kwa chupa ya 120 mg/5 ml peke yake. Zipo chupa za "250 mg/5 ml", ambazo nguvu yake ni zaidi ya mara mbili. Ukimpa mtoto wa kilo 10 mililita 5 za chupa hiyo, umempa miligramu 250, wakati mwisho wake ni 150. Zipo pia za matone kwa watoto wachanga, ambazo ni kali zaidi kwa kila mililita. Dawa ya maji ya Marekani kwa kawaida ni 160 mg/5 ml. Kwa hiyo usikariri "kijiko kimoja". Kila ununuapo chupa mpya soma namba hizo mbili, na kama si 120 mg/5 ml, muulize mtoa dawa akupigie hesabu kwa kilo za mwanao.

Mtoto mwenye utapiamlo, au mwenye ugonjwa wa ini, ini lake hubeba dawa kidogo zaidi. Huyo apangiwe dozi na mhudumu wa afya.

Na mtoto wa chini ya miezi mitatu asipewe dawa ya homa au ya maumivu bila kuonwa na mhudumu. Sababu yake tutaiona mbele.

Usipimie kijiko cha jikoni

Vijiko vya nyumbani havilingani. Kijiko kimoja cha chai kinaweza kubeba mililita 3, kingine 6 au 7. Kijiko cha kulia chakula hubeba mara tatu ya kijiko cha chai. Tumia kikombe kidogo au kijiko cha kupimia kilichokuja na chupa. Kama hakipo, nunua famasi bomba la sindano la mililita 5 au 10, lisilo na sindano yenyewe. Bei yake ni ndogo, na mistari yake inaonyesha kila mililita. Lioshe kwa maji na sabuni baada ya kutumia.

Tikisa chupa kwanza, kwa sababu dawa hutuama chini. Usipotikisa, dozi za mwanzo zitakuwa nyepesi na za mwisho zitakuwa kali.

Mtoto mchanga au mdogo mweke wima kidogo, umdondoshee dawa polepole ndani ya shavu. Usimminye pua wala usimmiminie kwa nguvu akiwa analia, maana inaweza kumpalia. Usichanganye dozi kwenye chupa nzima ya maziwa. Asipoimaliza, hutajua amepata kiasi gani.

Kidonge cha mtu mzima cha 500 mg kikikatwa kwa kisu hakitoki sawa. Kama dawa ya maji haipatikani, muulize mhudumu au mtoa dawa sehemu gani ya kidonge inamfaa mtoto wa kilo zake, umwombe akukatie.

Saa na idadi

Paracetamol mpe kila baada ya saa sita: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Kama maumivu yanarudi mapema, unaweza kutoa mapema kidogo, lakini kamwe isiwe chini ya saa nne tangu dozi iliyopita. Kwa siku nzima, mchana na usiku, zisizidi dozi nne. Mtoto akilala vizuri huna haja ya kumwamsha ili ameze dawa ya homa.

Mtoto akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, unaweza kurudia dozi ile mara moja. Ikiwa imepita zaidi ya nusu saa, subiri muda wa dozi inayofuata. Kama anatapika kila kitu, mpeleke kituoni.

Mtoto akilelewa na watu kadhaa, hatari ya kurudia dozi inaongezeka. Bibi amempa saa nne, dada wa kazi hajui, naye anampa saa tano. Bandika karatasi karibu na dawa na kila anayempa aandike saa, kiasi na jina lake. Anayeshindwa kuandika achore alama. Dakika moja ya kuandika inatosha kuzuia kosa hili.

Ibuprofen: nani asipewe

Ibuprofen ya maji inafaa kwa homa na maumivu ya mtoto aliyefikisha miezi mitatu na uzito wa zaidi ya kilo 5, ikitolewa baada ya chakula au maziwa, si zaidi ya mara tatu kwa siku. Dozi yake pia ni kwa kilo, na uipate kwa mtoa dawa. Lakini usimpe ibuprofen mtoto huyu:

- Anayeharisha au kutapika sana, au aliyeishiwa maji mwilini. Figo zake tayari zimeelemewa, na ibuprofen inaweza kuziumiza.
- Mwenye tetekuwanga. Inaweza kuongeza hatari ya vidonda vya ngozi kushambuliwa vibaya na vijidudu.
- Anayeshukiwa kuwa na homa ya dengue, kama ile iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Dengue yenyewe huleta tabia ya kutoka damu, na dawa za kundi hili zinaongeza hatari hiyo.
- Mwenye ugonjwa wa figo, moyo au vidonda vya tumbo.
- Mwenye pumu ambaye aliwahi kubanwa kifua baada ya kumeza dawa ya kundi hili.

Ukiwa na shaka yoyote, baki na paracetamol. Huna haja ya kutoa zote mbili kwa pamoja. Nyingi ya homa na maumivu ya mtoto hutulia kwa moja.

Dawa ambazo mtoto asipewe kabisa nyumbani

Aspirin isipewe mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16, isipokuwa daktari ameiandika kwa ugonjwa maalumu. Kwa mtoto mwenye homa ya virusi, kama mafua au tetekuwanga, inaweza kuleta ugonjwa wa nadra lakini mkali sana unaoshambulia ubongo na ini. Kumbuka vile vidonge vya kichwa vya mchanganyiko: vingi vina aspirin. Ndiyo maana kidonge cha kichwa cha baba hakipaswi kugawanywa nusu na kupewa mtoto.

Codeine na tramadol ni dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Zinaweza kumzuia mtoto kupumua. Codeine haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 12, wala kwa mama anayenyonyesha, kwa kuwa hupita kwenye maziwa.

Kuhusu sindano: wazazi wengi huamini kwamba sindano ya maumivu inafanya kazi kuliko dawa ya kunywa. Kwa homa na maumivu ya kawaida, mtoto anayeweza kumeza haihitaji. Sindano ya tako ikichomwa mahali pasipo sahihi inaweza kuumiza mshipa wa fahamu na kumwacha mtoto akichechemea. Usimwombe mtu akuchomee mwanao sindano mtaani.

Homa ikishuka, ugonjwa bado upo

Dawa ya homa inapunguza joto na kumpa mtoto nafuu. Haiui vimelea vya malaria, haitibu nimonia, haitibu homa ya uti wa mgongo. Mtoto mwenye malaria akipewa paracetamol anaweza kucheza kwa saa tatu au nne, kisha homa inarudi. Hapo ndipo muda unapotea: mama anaona nafuu, anasubiri kesho, kesho anampa tena, na siku ya tatu mtoto anapata degedege au anaishiwa damu.

Kama mnaishi kwenye eneo lenye malaria, mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, au isizidi saa 24. Kipimo cha haraka ni tone la damu kwenye kidole, na majibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Kumpa paracetamol kabla ya kwenda hakuharibu kipimo. Mpe dozi moja, andika saa, kisha nenda.

Nenda kituoni mara moja, hata usiku, ukiona lolote kati ya haya:

- Mtoto wa chini ya miezi mitatu ana homa. Kwa umri huu homa inaweza kuwa dalili pekee ya maambukizi makali, na dawa ya kushusha joto inaificha.
- Hawezi kunyonya au kunywa.
- Anatapika kila kitu.
- Amepata degedege.
- Amelegea sana, anasinzia na kuamka kwake ni shida.
- Anapumua kwa haraka au kwa shida, kifua kinabonyea ndani.
- Shingo imekakamaa, au utosi umevimba.
- Ana vipele vya rangi ya zambarau visivyopotea ukivibonyeza, au anatoka damu.
- Ana selimundu na amepata homa au maumivu makali.

Nyumbani, mvue nguo nzito, mnyonyeshe mara nyingi zaidi au mpe maji ya kunywa. Usimwogeshe maji baridi, na usimpake spiriti wala mafuta ya taa.

Baada ya chanjo, mtoto anaweza kupata homa ndogo au paja kuuma. Si lazima kumpa dawa kabla. Mpe ikiwa kweli ana homa au analia kwa maumivu, kwa kipimo cha kilo zake.

Na wewe mama

Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 na zaidi anaweza kumeza paracetamol ya 500 mg, kidonge kimoja au viwili, kila baada ya saa nne hadi sita, visizidi vidonge vinane kwa siku. Mwenye uzito mdogo, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe kila siku anahitaji kiasi kidogo zaidi, na aulize kwanza.

*Ukiwa mjamzito*, tumia paracetamol, kwa kiasi kidogo kinachokutosha na kwa siku chache. Usitumie ibuprofen wala diclofenac bila kuambiwa na mhudumu, na hasa kuanzia wiki ya 20 ya mimba, kwa sababu zinaweza kuathiri figo na moyo wa mtoto aliye tumboni na kupunguza maji ya uzazi. Kama kliniki wamekuandikia aspirin ya kiasi kidogo kuzuia kifafa cha mimba, hiyo endelea nayo kama ulivyoelekezwa.

Jambo moja usilinyamazishe kwa vidonge: mjamzito aliyepita miezi mitano, au aliyejifungua hivi karibuni, akiumwa kichwa sana, akiona ukungu au vimulimuli, akivimba uso na mikono, au akisikia maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, aende kituoni siku hiyo akapimwe presha. Hizo zinaweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Paracetamol itapunguza kichwa, lakini presha itabaki juu.

*Ukinyonyesha*, paracetamol na ibuprofen zinafaa kwa dozi ya kawaida. Epuka aspirin ya maumivu, codeine na tramadol.

*Kwa maumivu ya hedhi*, ibuprofen husaidia zaidi ikimezwa mapema, maumivu yanapoanza, baada ya kula. Mtu mzima anaweza kumeza miligramu 200 hadi 400, hadi mara tatu kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au ugonjwa wa moyo aulize kwanza. Hili linawahusu pia wazee wetu wanaomeza diclofenac kila siku kwa ajili ya magoti: inaweza kupandisha presha na kuharibu figo taratibu. Ukiona choo cheusi kama lami, acha dawa na uende hospitali.

*Kama unameza dawa za kichwa* siku 10 hadi 15 au zaidi kila mwezi, dawa zenyewe zinaweza kuwa ndizo zinazoleta kichwa. Muone daktari badala ya kuongeza dozi.

Wapi ununue, na uangalie nini

Kuanzia mwaka 2022 watoto takribani 70 nchini Gambia, na zaidi ya 200 nchini Indonesia, walifariki kwa kuharibika figo. Walikuwa wamepewa dawa za maji za kikohozi, mafua au homa zilizochanganyika na kemikali za viwandani zenye sumu. Ladha na rangi ya dawa hizo hazikumwonyesha mzazi kitu. Kinga yako ni mahali unaponunua.

Nunua dawa za mtoto famasi au kwenye duka la dawa lililosajiliwa. Tanzania Bara, dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Usinunue dawa ya maji kwenye basi, gulioni au kwa mtu anayetembeza. Angalia kifuniko kama hakijafunguliwa, jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ukinunua vidonge vichache vilivyokatwa kwenye karatasi yake, jina na tarehe hubaki dukani. Mwombe muuzaji akuandikie kwenye bahasha jina dogo la dawa, miligramu zake na tarehe ya kuisha. Ni haki yako, na muuzaji mzuri hatachukia.

Nyumbani, dawa ziwekwe juu, mahali pakavu pasipo na jua, ndani ya chombo kinachofungwa. Usizihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji. Na ukimbembeleza mtoto ameze, usimwambie ni pipi. Kesho ataitafuta mwenyewe.

Mtoto akimeza dawa nyingi

Ukihisi mtoto amemeza paracetamol nyingi, kwa bahati mbaya au kwa dozi zilizorudiwa, mpeleke hospitali mara moja hata kama anacheza. Siku ya kwanza anaweza kuonekana mzima kabisa, au akapata kichefuchefu tu. Manjano na maumivu ya tumbo huja baadaye, wakati ini limeshaumia. Hospitali ipo dawa ya kuzuia sumu hiyo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane.

Usimtapishe, usimpe mafuta wala maziwa mengi. Chukua chupa au pakiti uende nayo, na jaribu kukumbuka kiasi na saa. Waambie wahudumu ukweli wote. Wanauliza ili wajue wampe nini.

Kabla ya kila dozi, jiulize

1. Jina dogo la dawa hii ni lipi, na je, tayari amepewa dawa yenye jina hilo leo?
2. Ana kilo ngapi, na chupa hii ina miligramu ngapi kwa mililita 5?
3. Dozi ya mwisho alipewa saa ngapi, na nani?
4. Kuna dalili ya hatari inayotaka kituo cha afya sasa hivi?

Kama hujui jibu la moja ya maswali haya, muulize mtoa dawa au mhudumu wa afya wa jamii kabla ya kufungua chupa. Na homa au maumivu yakifika siku ya tatu bila kupona, hata kama dawa inayatuliza, mpeleke mtoto akapimwe.